Eudora Welty: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu familia na wanawake katika hadithi zake

Haya ni maswali ambayo wasomaji wa Eudora Welty huyarudia, hasa wanaokutana naye kwa mara ya kwanza darasani au kwenye kikundi cha kusoma vitabu. Unaweza kuanzia popote. Tahadhari moja tu: majibu yanataja miisho ya hadithi, kwa sababu bila miisho hiyo mengi ya maswali haya hayajibiki.

## Kumfahamu

Eudora Welty ni nani?

Ni mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, tarehe 13 Aprili 1909, akafariki mjini humo humo tarehe 23 Julai 2001. Aliandika riwaya, hadithi fupi na insha, na alipiga picha. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Pulitzer kwa riwaya yake *The Optimist's Daughter*.

Baba yake, Christian Welty, alitoka Ohio na alikuwa ofisa wa kampuni ya bima. Mama yake, Chestina, alikuwa mwalimu kutoka milima ya West Virginia. Kwa hiyo Eudora, anayehesabiwa kuwa sauti halisi ya Mississippi, alilelewa na wazazi wawili wa kuja. Nadhani hili linaeleza mengi. Alikuwa mwenyeji aliyeujua mji wake kila uchochoro, na nyumbani kwao kulikuwa na watu waliouona mji huo kwa macho ya mgeni.

Kwa nini anaitwa mwandishi wa Kusini? Kusini mwa wapi?

Kusini mwa Marekani, yaani majimbo yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861 kulinda utumwa, yakashindwa vitani mwaka 1865, na kwa miaka mingi baadaye yakaishi kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Huko palizuka fasihi yenye tabia zake: ukoo, ardhi, dini, aibu ya historia, na watu wanaopenda kusimulia kuliko kulala. Welty anatajwa pamoja na William Faulkner, Katherine Anne Porter na Flannery O'Connor. Porter ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha kwanza cha Welty, *A Curtain of Green*, mwaka 1941.

Nianze na kitabu gani?

Kama una jioni moja tu, soma hadithi fupi mbili, "Why I Live at the P.O." na "A Worn Path". Ya kwanza itakuchekesha, ya pili itakunyamazisha. Ukipata hamu, nenda *The Optimist's Daughter*, ambayo ni riwaya fupi na iliyonyooka. *Delta Wedding* na *The Golden Apples* zinahitaji msomaji asiye na haraka. *Losing Battles* ya mwaka 1970 iache mwisho: ni kurasa nyingi za watu wanaoongea, na inakufaa ukishawazoea watu wake.

Hakuolewa wala hakuzaa. Aliijuaje familia kiasi hicho?

Swali hili huulizwa kwa Welty kuliko linavyoulizwa kwa wanaume wasiooa, na hilo lenyewe ni la kutazamwa. Jibu ni kwamba mtoto naye ni mwanafamilia, na dada vilevile. Alikuwa na kaka wadogo wawili, Edward na Walter. Baba alifariki mwaka 1931, Eudora akiwa na miaka 22. Madaktari walijaribu kumwongezea baba damu ya mama moja kwa moja, binti akiwa chumbani anaangalia, na baba akakata roho pale pale. Baadaye alimuuguza mama yake kwa miaka mingi, hadi mama alipofariki Januari 1966. Edward naye alifariki siku chache tu baada ya mama. Walter alikuwa ametangulia mwaka 1959.

Kuna jambo jingine analolieleza kwenye *One Writer's Beginnings*, kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1984. Akiwa mdogo, familia ikitoka na gari Jumapili, alikuwa anajipenyeza kiti cha nyuma katikati ya mama na rafiki wa mama, kisha anawaamuru: haya, ongeeni. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuandika vitabu hivi vyote.

## Familia

Mbona familia zake zina watu wengi na kelele nyingi?

Kwa sababu kwa Welty familia ni maongezi kabla ya kuwa damu. Ukoo unajijenga kwa kusimulia visa vile vile mara elfu. Nani alifanya nini siku ile, nani alisema nini, nani alikuwepo na nani hakuwepo. Asiyekijua kisa si wa ndani. Anayekisimulia vibaya anasahihishwa na watu watatu kwa mpigo.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo nadhani ni kiini cha hadithi zake zote: familia inaongea, na mwanamke anayejitafuta ndiye anayesikiliza. Watu wake muhimu zaidi ni wale waliokaa pembeni ya meza wakiwa na swali ambalo hawajalitoa. Shika hilo, na majibu mengi yaliyobaki hapa chini yatakuwa mepesi.

Katika *Delta Wedding* mbona hakuna kinachotokea?

Mwaka 1946, kitabu kilipotoka, mhakiki Diana Trilling alikishambulia kwa kuona kinaupamba uzuri wa mashamba makubwa ya Kusini. Tangu hapo kila kizazi cha wasomaji kimelalamika kwa namna yake.

Mambo yanatokea, ila yanatokea kama yanavyotokea kwenye nyumba yenye harusi. Ni Septemba 1923. Laura McRaven, msichana wa miaka tisa aliyefiwa na mama, anapanda treni peke yake kutoka Jackson kwenda Shellmound, shamba la pamba la wajomba zake, akina Fairchild. Binamu yake Dabney, mwenye miaka 17, anaolewa na Troy Flavin, nyapara wa shamba. Ukoo haumtaki nyapara, lakini hakuna anayelisema wazi. Wanalizungusha kwenye keki, maua na magauni. Welty aliuchagua mwaka huo makusudi, baada ya kutafuta mwaka usio na vita wala mafuriko, ili wanaume wote wawe nyumbani na familia isiwe na la kusingizia.

Tukio ambalo kila mtu anarudia kulisimulia ni la daraja la reli. Maureen, mtoto mwenye ulemavu wa akili, alinaswa mguu kwenye reli treni ikija, na George, mjomba kipenzi cha wote, akabaki naye badala ya kuruka. Treni ilisimama kwa wakati. Kwa akina Fairchild hicho ni kisa cha ushujaa. Kwa Robbie, mke wa George aliyekuwa muuza duka, ni ushahidi: mumewe yuko tayari kufa kwa ajili ya ukoo, na yeye hajui nafasi yake iko wapi. Robbie anaondoka nyumbani. Anaporudi, kwa miguu, juani, anawakuta mezani wakila na kuwaambia wifi zake usoni anachokifikiri kuwahusu. Katikati ya zogo ndege anaingia ndani, wote wanatimka kumfukuza, na Robbie anabaki na Ellen, mama mwenye nyumba. Hapo wanawake wawili walioolewa katika ukoo huo wanaongea kama watu. Kwangu hicho ndicho kilele cha riwaya, kuliko harusi.

Kwa hiyo Laura anapata familia mpya?

Anapata nafasi. Mwanzoni anaambiwa hawezi kuwa kwenye msafara wa bibi harusi kwa sababu ana msiba. Kisha mtoto mwingine anashikwa na tetekuwanga, na Laura anachukua kikapu cha maua. Baadaye wanamwambia abaki Shellmound moja kwa moja. Anakubali kwa mdomo, na moyoni ameshaamua kurudi kwa baba yake. Miaka tisa, na tayari ana siri anayoijua peke yake. Tazama swali la kelele hapo juu.

Kwa nini yule dada anahamia posta katika "Why I Live at the P.O."?

Kwa maelezo yake, kwa sababu mdogo wake Stella-Rondo amemgombanisha na kila mtu. Stella-Rondo amerudi nyumbani baada ya kuachana na mume, akiwa na mtoto wa miaka miwili anayesisitiza kwamba ni wa kuasili. Kabla jua halijazama, msimulizi, ambaye wote humwita Sister tu, ameshakosana na babu kwa ajili ya ndevu na kukosana na mama kwa ajili ya mtoto. Asubuhi inayofuata, saa kumi na mbili na nusu, mjomba anamrushia fataki chumbani.

Anapofungasha, angalia anachobeba: feni ya umeme, redio, mota ya cherehani, kipimajoto, saa ya jikoni, pasi na ubao wake. Anang'oa hata maua bustanini. Kila kitu kina hoja yake ya kwa nini ni chake. Huu ni mgawanyo wa mali wa mwanamke ambaye hajawahi kuwa na kitu, na kazi ya posta, ndogo kama ilivyo, ndiyo inayompa mlango wa kuufunga.

Je, tumwamini? Si kwa kila neno. Anasema ana furaha, halafu anaendelea kuwaeleza wageni kwa nini. Mtu aliyetulia haelezi hivyo.

Ni kweli kuna mahali wanawake wanamlisha mtu tikiti maji kwa nguvu?

Ndiyo, kwenye *Losing Battles*. Ukoo umekusanyika kusherehekea miaka 90 ya Granny Vaughn, na kitukuu chake Jack ametoka gerezani Parchman. Mkewe Gloria ni yatima aliyekulia kituoni na kufundishwa na Julia Mortimer, mwalimu aliyetaka awe mwalimu kama yeye. Ukoo unaanza kuhisi kwamba Gloria huenda ni mtoto wa marehemu ndugu yao, yaani ni damu yao. Yeye anakataa. Basi wanawake wanamwangusha chini, wanamsokomeza tikiti mdomoni na kumwamuru akiri kuwa ni wa ukoo wa Beecham.

Wanacheka wakati wote. Wasomaji wengi hupita hapo haraka wakidhani ni utani wa shamba. Rudi usome tena polepole. Mbegu, maji mekundu, mikono ya wakwe, mdomo uliofunguliwa kwa nguvu. Sidhani kuna mahali pengine Welty alipoonyesha waziwazi zaidi kwamba upendo wa ukoo unaweza kuwa ukatili kwa anayetaka kuwa yeye mwenyewe. Gloria anachokitaka ni kidogo sana: nyumba ya watu watatu, yeye, Jack na mtoto wao.

## Wanawake

Virgie Rainey na Miss Eckhart: kwa nini walimu wanawapenda sana?

Kwa sababu *The Golden Apples* (1949) ndicho kitabu chake chenye ujasiri mkubwa zaidi. Ni hadithi saba zinazohusiana, nyingi zikiwa za watu wa mji wa kubuni wa Morgana. Katika "June Recital", Miss Eckhart ni Mjerumani anayefundisha watoto wa mji piano. Ni mgeni, hana mume, na mji haumsamehi kwa vyote viwili. Anapovamiwa usiku, watu wanashangaa mno kwamba hahami.

Ana mwanafunzi mmoja wa kweli, Virgie, mtoto wa maskini muuza maziwa. Wengine wote wanapiga kwa metronomu, kile kidude kinachogonga mapigo juu ya piano. Virgie anakikataa, na mwalimu huyu mkali, anayekiabudu, anakiweka pembeni kwa ajili yake peke yake. Kisha kuna asubuhi moja ya radi ambapo Miss Eckhart mwenyewe anakaa kupiga, mbele ya wasichana watatu waliokwama kwa mvua. Anapiga kwa nguvu kiasi kwamba wanaona haya na kuogopa. Wameona mtu mzima ana nini ndani, nao hawakuja kwa ajili hiyo.

Virgie anaishia kupiga piano kwenye sinema. Mji unasema amepotea. Katika hadithi ya mwisho, "The Wanderers", ana zaidi ya miaka 40 na mama yake amefariki. Anaingia mtoni uchi kuogelea, anazika, anagawa vitu, anaondoka. Haendi mahali maalum. Anachokigundua ni kwamba alimpenda Miss Eckhart bila kujua, na kwamba chuki na upendo vilikuwa karibu kuliko alivyofundishwa.

*The Optimist's Daughter* ni maisha yake mwenyewe?

Kwa sehemu, na hasa kwa upande wa mama. Riwaya ilitoka kwanza kwenye jarida la *The New Yorker* mwaka 1969, ikarekebishwa kuwa kitabu mwaka 1972, na imetabarukiwa kwa herufi za jina la mama yake. Chestina alipokuwa na miaka 15 alimpeleka baba yake mgonjwa kwa mtumbwi wa magogo kwenye mto wenye barafu, kisha kwa treni hadi hospitali Baltimore. Alifia huko, na binti akarudi peke yake na mwili. Kisa hicho amepewa Becky, mama wa mhusika mkuu. Upofu wa Becky pia unatoka kwa Chestina, aliyepoteza uwezo wa kuona uzeeni.

Lakini Laurel si Eudora. Laurel ni mjane, mumewe Phil alikufa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na anaishi Chicago akibuni vitambaa. Eudora alirudi Jackson akakaa. Mtu anaweza kusema alimwandika mwanamke aliyeondoka ili aone yeye aliyebaki alibaki na nini.

Kwa nini Laurel anauacha ule ubao wa mkate?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote kuhusu riwaya hiyo. Baba, Jaji McKelva, amekufa New Orleans wakati wa sherehe za Mardi Gras baada ya upasuaji wa jicho. Nyumba sasa ni ya Fay, mke wa pili aliye mdogo kwa Laurel. Laurel anatumia usiku mzima akisoma barua za mama yake, na asubuhi anaukuta ubao wa kukandia mkate ambao Phil alimtengenezea mama mkwe wake kwa mikono yake, laini, ulioungwa vizuri. Umekwaruzika, umetafunwa na panya, na Fay ameutumia kuvunjia njugu kwa nyundo.

Laurel anauinua juu ya kichwa cha Fay. Kwa muda inaonekana atampiga. Fay anamwambia kwamba yaliyopita si kitu kwake. Laurel anaushusha, na anamwachia.

Wengine wanaona ameshindwa. Mimi naona ameshinda, maana alikuwa ameshika kitu cha watu watatu aliowapenda, mama, mume na baba aliyekula mkate ule, akatambua kwamba hao hawakai kwenye mbao. Fay hawezi kuwadhuru. Ubao ungekwenda Chicago ungekuwa mzigo wa kumbukumbu, na Laurel amemaliza usiku mzima akijifunza kwamba kumbukumbu inahitaji mikono mitupu. Barua nazo amezichoma kabla ya kuondoka.

Je, Fay ni mtu mbaya tu?

Welty anamkasirikia, hilo halifichiki. Fay alimtikisa mgonjwa aliyeagizwa kulala bila kujisogeza. Alidai hana ndugu, kisha ndugu zake wakatokea msibani kutoka Texas. Lakini msome tena mahali anapolalamika kwamba mumewe anakufa siku ya kuzaliwa ya Fay mwenyewe. Ni mtoto mwenye umri wa mke, aliyeingia kwenye nyumba ambayo kila kiti kina jina la mwanamke mwingine. Nafasi yake inafanana na ya Robbie wa *Delta Wedding*, na kumpenda Robbie huku ukimdharau Fay kunadai maelezo.

Alikuwa mtetezi wa haki za wanawake?

Hakulipenda jina hilo, na alisema hakuhisi kuzuiwa kwa kuwa mwanamke. Mwaka 1988 mhakiki Carolyn Heilbrun alimlaumu kwamba kwenye *One Writer's Beginnings* alipamba utoto wake na kuficha hasira. Lawama hiyo ina uzito ukisoma kumbukumbu peke yake. Ukisoma hadithi, hasira iko pale, imeshikwa na Gloria, Miss Eckhart na Robbie. Kuna jambo pia kwenye *Delta Wedding* linalopitwa haraka: tunaambiwa kwamba ardhi ni ya wanawake, na wanaume wanaachiwa tu. Mwanamke aliyeandika hivyo alijua alichokuwa anakisema kuhusu mamlaka.

## Maswali magumu na ya pembeni

Wanawake weusi wako wapi katika familia hizi?

Jikoni, kwenye ngazi, kando ya kitanda cha mgonjwa. Na mara nyingi hawapewi mawazo yao. Kwenye *Delta Wedding* kuna Partheny na Pinchy, na kwenye *The Optimist's Daughter* kuna Missouri. Nyumba haziendi bila wao, na riwaya hazikai nao muda wa kutosha. Ni upungufu, na sioni haja ya kuutetea.

Hadithi fupi ni tofauti. Phoenix Jackson wa "A Worn Path" na Livvie wa hadithi yenye jina lake wanabeba hadithi nzima. Toni Morrison, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu katika jambo hili, alimtaja Welty kuwa miongoni mwa wazungu wachache walioandika kuhusu watu weusi bila kuwadharau wala kuwapamba. Miaka ya 1930 alizunguka Mississippi akifanya kazi ya serikali ya Rais Roosevelt huku akipiga picha, nyingi za wanawake weusi. Zilitoka kitabuni mwaka 1971, *One Time, One Place*.

Kuhusu siasa: Medgar Evers, mpigania haki za watu weusi, alipouawa nyumbani kwake Jackson tarehe 12 Juni 1963, Welty aliandika mara moja "Where Is the Voice Coming From?", kwa sauti ya muuaji. Ilichapishwa wiki chache tu baadaye. Alisema alijua ni mtu wa aina gani, kwa sababu yeye mwenyewe alikulia mahali hapo hapo.

Mjukuu wa Phoenix yuko hai au amekufa?

Wanafunzi walimwandikia sana kumuuliza hili hadi akajibu kwa insha mwaka 1974. Jibu lake, kwa kifupi: Phoenix yuko hai, na anatembea. Bibi huyo anakwenda Natchez kwa miguu kutafuta dawa ya koo la mtoto, na safari yenyewe ndiyo hadithi. Ukitaka ushahidi wa kile anachokiamini Phoenix, tazama anachokifanya na senti zake kumi: anakwenda kumnunulia mtoto kijinu cha upepo cha karatasi.

Kwa nini hakutoa riwaya kati ya 1955 na 1970?

Alikuwa anauguza. *Losing Battles* iliandikwa vipande vipande katika miaka hiyo, kwenye karatasi zilizowekwa maboksini. Ukiona jinsi kitabu hicho kinavyojaa watu wanaokatizana, kumbuka aliyekiandika naye alikuwa anakatizwa.

Ile programu ya barua pepe iliyoitwa Eudora ina uhusiano naye?

Ndiyo. Steve Dorner, aliyeitengeneza Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, aliipa jina lake kwa sababu ya hadithi ya posta.

Naweza kuitembelea nyumba yake?

Nyumba ya Pinehurst Street, Jackson, iliyojengwa na wazazi wake mwaka 1925, sasa ni makumbusho. Vitabu vimejaa kila mahali, hata juu ya makochi, na bustani ya mama yake imerudishwa ilivyokuwa, na kamelia zake. Ukienda majira ya baridi utazikuta zimechanua.